Kabla ya Kufuta

Hapa Keelung mvua haibishi hodi.
Hupanda ngazi pamoja na wateja, hukaa kwenye miavuli
pembeni mwa duka la Hsiu-lan, chini ya daraja la reli,
na ndani feni mbili hubishana na unyevu.
Mimi ni mwanafunzi wake. Mwaka wa pili sasa
na bado haniachii kibano.

Bwana Lai aliingia amekumbatia kompyuta kama mtoto mwenye homa.
Hutarizi vitambaa vya hekaluni: mazimwi, mawingu, nyuzi za dhahabu,
na ni hii iliyoiamuru cherehani yake
miaka kumi na mitatu bila likizo.
"Mjukuu alisema isasishwe. Nikabonyeza ndiyo.
Mstari ukafika asilimia sitini na moja.
Kisha umeme."
Akanyamaza hapo, kama aliyetaja jina la marehemu.

Hsiu-lan hakumlaumu. Alimimina chai, akaniamuru
nimweleze mzee njia zilivyo, ajue alipotelea wapi.

Nikaanza na ile aliyoipita yeye,
unabonyeza huku muziki unacheza na barua ziko wazi.
"Kubomoa msingi," mwalimu akadakia,
"na wageni wangali sebuleni wanakula."

Afadhali uzime, uwashe, ugonge kitufe kabla nembo haijatokea,
uingie ule ukumbi wa kijivu usio na wageni;
uchomeke flashi, jina la faili lisikosewe hata herufi,
bodi ijiandike yenyewe.

Zamani ilikuwa diski laini, akasema.
Alianza kiwandani Taoyuan akiwa na miaka kumi na tisa:
diski moja mbovu katika kila kumi,
na msimamizi aliyewakataza kupiga chafya.

Bodi za siku hizi zina kitufe kidogo mgongoni.
Hata bila kichakataji, bila kumbukumbu,
unaipa umeme na flashi, taa inakonyeza:
inajifunza kusoma kabla haijapata kichwa.
"Yangu inacho?"
Tukaigeuza. Haina.

Hapo ndipo mwalimu alipovua saa, akafuta miwani,
akatoa kibano.

Chipu ina miguu minane
na haifiki ukucha wa kidole changu cha mwisho.
Alipima volti kwanza; ukiizidishia, umeizika.
Faili safi ya mtengenezaji tulikuwa nayo tayari.
Mkono wangu ukakimbilia kufuta.
Akaupiga, si kwa nguvu.
"Soma."
"Lakini imeharibika."
"Imeandikwa sitini na moja. Na hizo thelathini na tisa?"

Tukasoma. Tukasoma tena. Hazikulingana.
Akasogeza kibano kiasi cha unywele;
ya tatu na ya nne zikafanana kama pacha.
Na mle, katikati ya takataka, zilikuwamo
namba ya bodi na anwani yake ya mtandao,
ambazo programu ya kutarizi huzitambua
kama mbwa anavyotambua hatua za mwenyewe.
Kampuni iliyoiuza ilishafungwa.
Ningefuta, cherehani ingemkana bwana wake.

Na mimi siku zote nilidhani ufundi ni kuandika.

Akazipandikiza namba zile ndani ya faili safi,
akafuta, akaandika, akahakiki.
Redio ya jirani ilitangaza kimbunga.
Betri ya akiba ilikoroma chini ya meza.
Chafya ilinijia, nikaimeza.

Feni ikazunguka, ikasita,
ikazunguka.
Mlio mmoja mfupi.
Bwana Lai aliuliza ni kiasi gani, akarudia,
mara ya kwanza sauti haikutoka.

Alipoondoka nikauliza mbona mashine yake mwenyewe,
ile ya mahesabu, ina toleo la kwanza kabisa, la kiwandani.
"Haijawahi kuniomba," akasema,
akafungia kibano kwenye droo.
Nikachukua tambara.
Mvua ilikuwa imefika hadi chini ya kiti cha mzee.